Namba ya Chini

Ukiacha kisanduku kitupu kwenye fomu ya wiki, afisa wa kufuatilia magonjwa atakupigia simu. Fomu hiyo huitwa kwa namba yake tu, MOH 505, na kila zahanati huijaza wiki inapofungwa: kipindupindu wangapi, surua wangapi, kimeta, homa ya manjano, mtoto aliyepooza ghafla. Zahanati ndogo ya huku kwenye delta ya Mto Tana, Kenya, kati ya Garsen na Kipini, inaweza kumaliza mwaka bila kumwona hata mmoja wao. Hata hivyo muuguzi haruhusiwi kuacha pengo. Anaandika 0 mbele ya kila ugonjwa, wiki baada ya wiki, kwa sababu sifuri inasema "nilitazama, sikuona", ilhali pengo halisemi kitu. Pengine hakukuwa na mgonjwa. Pengine muuguzi alikuwa likizoni. Pengine mto ulifurika, njia ikakatika, na waliougua wakaugulia makwao.

Kazi ya kupima ugonjwa wa watu wengi kwa pamoja haina mashabiki. Daktari akimwokoa mama mzazi usiku pale Ngao, asubuhi habari imeshafika Minjila. Aliyehesabu vizuri hakuna anayemjua, na akihesabu vibaya pia hakuna anayemjua. Ndiyo maana uaminifu wa watu hawa unanivutia: wanaufanya bila shahidi.

Tuseme kile kisanduku cha mtoto aliyepooza. Fomu haiulizi kuhusu polio. Inamtaka mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye mkono au mguu wake umelegea ghafla, hata kama muuguzi ana hakika kwamba si polio. Kuna magonjwa mengine yanayolegeza viungo vya watoto, nayo hayakosekani popote. Mahali pasipo na polio kabisa, katika kila watoto 100,000 wa umri huo hutarajiwa kuonekana angalau mmoja kwa mwaka. Kwa hiyo eneo kubwa lisilomwona hata mmoja halipewi pongezi; linaulizwa kama lilitafuta kweli. Waliobuni kipimo hiki walianza kwa kupima macho ya wanaotazama, kisha ndipo wakaupima ugonjwa, na sijaona hila nyingine ya takwimu iliyo safi kiasi hicho. Mwaka 2013 polio iliporudi Kenya kupitia Dadaab, ng'ambo ya mto, ikawapata watu 14, kila kaunti ya jirani ililazimika kujiuliza kama sifuri zake ni za kutazama au za kusinzia.

Kabla ya kuhesabu, lazima mkubaliane nani ahesabiwe. Hapa ndipo fundi anapoanza kutofautiana na mtu wa kawaida, kwa kuwa mtu wa kawaida anadhani kipindupindu ni kipindupindu. Mahali ambapo hakijulikani kuwepo, anayeshukiwa ni mtu wa miaka 2 na zaidi aliyeharisha maji matupu hadi mwili ukakauka vibaya, au akafa. Mlipuko ukishatangazwa, masharti yanalegezwa: yeyote anayeharisha maji anaandikwa, awe wa umri wowote. Kuharisha nako kuna mpaka wake, choo chepesi mara 3 au zaidi katika saa 24. Kabla ya mlipuko kutangazwa, watoto wa chini ya miaka 2 huachwa nje kwa makusudi, maana wao huharisha kwa sababu nyingi nyingine na wangeizamisha hesabu. Mvuvi wa kambale atalielewa jambo hili upesi kuliko mwanafunzi wa chuo: tundu za wavu huchaguliwa kabla ya kuutupa. Kubwa zitakuletea wachache wa uhakika, ndogo zitakuletea kila kitu pamoja na magugu.

Ninachokistahi zaidi ni sharti linalofuata. Ukibadilisha tundu katikati ya msimu, unaandika tarehe. Bila tarehe hiyo, atakayeona namba zimepanda kuanzia wiki ya tatu atadhani ugonjwa umeenea, kumbe ni masharti yaliyolegezwa. Hotuba nyingi za jukwaani zimejengwa juu ya kosa hilo, za serikali na za wapinzani wake.

Wafugaji wa Kiorma hawangehitaji kuelezwa haya. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa madaktari wa mifugo, Andy Catley akiwa miongoni mwao, uliofanywa hapa Tana River kuhusu nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na mbung'o. Nguvu ya utafiti ule ilikuwa kwenye mawe. Wazee waliulizwa magonjwa ya ng'ombe wao, wakayataja: gandi, buku, hoyale, somba, madobesa. Magonjwa hayo yakapangwa mstari mmoja chini, kisha kwa kila dalili wazee wakapewa rundo la mawe wayagawe. Ng'ombe kukonda, mawe mengi yaende wapi? Kutokwa damu? Kukohoa? Wanabishana, mmoja anahamisha mawe mawili, mwenzake anarudisha moja, mpaka wanaridhika. Kundi jingine la wazee, mahali pengine, linaanza upya bila kujua wenzao waligawaje.

Kisha ndipo hesabu inapoingia. Kuna kanuni ya Mwingereza Maurice Kendall inayopima jinsi waamuzi mbalimbali wanavyokubaliana: 0 ikiwa kila mtu anasema lake, 1 ikiwa wote wanasema neno moja. Makundi ya Waorma yalikubaliana vizuri, na maelezo yao yakaafikiana na ya madaktari. Mawe yalitumika tena kukadiria ni ng'ombe wangapi waliougua katika kila rika la kundi, ndama mbali, ng'ombe wa maziwa mbali. Watu ambao hawakuwa na rejista yoyote ya maandishi walitoa kiwango cha ugonjwa kwa umri, kitu ambacho kaunti zenye kompyuta hushindwa kukitoa.

Kuna jambo moja katika majina yale ambalo wasomi wa kuainisha magonjwa wangefaa kulitafakari. Gandi na buku yote ni nagana. Gandi ni ile ya polepole, ng'ombe anakonda, manyoya yanasimama, mwezi unapita. Buku ni ile ya haraka, ya kutokwa damu na kufa. Maabara huviweka vimelea vya yote mawili katika ukoo mmoja, na haikosei. Lakini mtu anayelazimika kuamua leo kama amuuze ng'ombe, amtibu au amchinje, mgawanyo wa Waorma ndio unaomfaa. Kitabu kikubwa cha dunia cha kupanga magonjwa, ambacho chanzo chake ni orodha ya vifo ya Mfaransa Jacques Bertillon ya mwaka 1893 na ambacho toleo lake la 11 lilianza kutumika Januari 2022, nacho hakina msimamo mmoja: magonjwa mengine yamepangwa kwa kijidudu, mengine kwa kiungo kilichoshambuliwa. Kila mpango una mtu ambaye umekusudiwa kumsaidia. Mpango mbaya ni ule usiojua unamsaidia nani.

Mawe hayo yanapata uzito mwingine unapofika kwenye homa ya Bonde la Ufa, inayotoka kwa mifugo kuja kwa watu. Wasomali wa kaskazini mashariki huiita sandik, yaani kutokwa damu puani. Baada ya mlipuko wa 2006 na 2007, wafugaji walihojiwa wakaupanga mfululizo wa matukio. Mvua kubwa ilianza. Baada ya wiki tatu na siku chache, mbu wakatanda. Wiki mbili na nusu hivi baadaye, mifugo ya kwanza ikaugua. Wiki mbili na nusu nyingine, mtu wa kwanza. Wakubwa wa Nairobi walipata habari baada ya hapo: katikati ya Desemba 2006 Wizara ya Afya iliarifiwa kwamba Garissa watu wanakufa kwa homa na kuvuja damu, na kufikia tarehe 20 waliokufa walikuwa 11. Sampuli za wagonjwa 19 wa mwanzo zilipochunguzwa, 10 zilionyesha homa ya Bonde la Ufa. Ikaenea hadi Tana River, Ijara, Kilifi na Baringo. Hadi Machi 2007 Kenya ilikuwa imeandika wagonjwa 684, na 234 kati yao wamekufa.

Sasa gawanya. 234 kwa 684 ni kama asilimia 34. Mtu mmoja kati ya watatu! Ukiisikia redioni namba hiyo, utachinja mbuzi wako wote na kuhamia Mombasa. Lakini vitabu vya tiba vinasema kwamba wanaouawa na homa hii hawafiki hata mmoja katika kila mia ya walioambukizwa. Nani amekosea? Hakuna. Waliosema asilimia 34 wameweka chini ya mstari wale walioonekana: waliougua vibaya kiasi cha kupelekwa hospitalini au kuandikwa na timu iliyofika kwa helikopta. Waliosema chini ya asilimia 1 wameweka chini ya mstari kila aliyeingiwa na virusi, akiwemo kijana aliyeumwa kichwa siku mbili akanywa panadol, akarudi kwa ng'ombe. Namba ya juu, ya vifo, kila mtu huililia. Ufundi wote umejificha katika namba ya chini.

Ninayoyajua ya kupendeza zaidi kuhusu namba ya chini yalitokea ng'ambo ile ile ya mto, katika mvua za El Niño za 1997. Desemba mwaka huo Wilaya ya Garissa iliripoti vifo 170 vya homa ya kuvuja damu. Barabara zilikuwa maji matupu. Kuwapima wakazi wote lilikuwa jambo lisilowezekana, na kuwapima wagonjwa peke yao kungerudia kosa lile lile. Watafiti wakawachukua watu 171 wa jamii, wagonjwa na wazima, wakawatoa damu na kutafuta kingamwili aina ya IgM, ambayo hukaa mwilini kwa muda mfupi tu na kwa hiyo humtambulisha aliyeambukizwa karibuni, si yule wa miaka mingi iliyopita. Walioonekana nayo walikuwa 31, sawa na asilimia 18.

Fundi mwenye pupa angechukua asilimia 18 hiyo akaizidisha kwa watu wa wilaya nzima, akaandika ripoti. Hawa walisita. Mchanganyiko wa umri wa watu 171 haukuwa sawa na mchanganyiko wa umri wa wilaya. Wakakirekebisha kila kikundi cha umri kipewe uzito wake halisi, na asilimia 18 ikashuka hadi 14. Hapo ndipo walipokadiria kwamba walioambukizwa Garissa walikuwa kama 27,500, mlipuko mkubwa kuliko wote uliokuwa umeandikwa Afrika Mashariki. Kutoka 18 kwenda 14 ni hatua ambayo hakuna gazeti lingeiandika, nayo imepunguza maelfu ya watu kwenye makadirio. Nikitakiwa kuwaonyesha vijana uadilifu wa kitakwimu ulivyo, nitawaonyesha hatua hiyo.

Chukua vifo 170, uviweke juu ya 27,500. Unapata kama asilimia 0.6, na hata hiyo inazidi ukweli, kwa sababu baadaye maabara iligundua kwamba baadhi ya waliovuja damu msimu ule hawakuwa na homa ya Bonde la Ufa. Walikuwa na virusi vingine, vilivyopewa kwanza jina la Garissa kisha vikatambuliwa kuwa ni Ngari. Dalili zilikuwa zile zile, kumbe magonjwa mawili yalikuwa yameandikwa katika safu moja.

Ugonjwa mwingine huwalazimisha wapimaji wafuate ratiba yake. Matende na mabusha, ambayo pwani yetu yote inayajua kuanzia Kwale hadi Lamu na Tana River ikiwemo, huletwa na minyoo ambayo watoto wake hujitokeza kwenye damu ya ngozi usiku, saa ambazo mbu wanauma; mchana wamejificha kwenye mishipa ya mapafu. Patrick Manson aliigundua ratiba hiyo ya usiku akiwa Amoy, China, mwishoni mwa miaka ya 1870. Matokeo yake kwa mpimaji ni kwamba damu ya darubini lazima itolewe kati ya saa nne na saa nane usiku. Timu inafika kijijini na tochi, inaamsha watu, inachoma vidole. Mwenyeji anayeamshwa usiku ili atolewe damu na wageni ana haki ya kuuliza maswali magumu, na si kila pahali amekosa kuyauliza. Kazi ya kulizungumza jambo hilo na wazee mchana, kabla ya tochi kuwashwa, haitajwi katika jedwali lolote, lakini ndiyo inayoamua kama jedwali litakuwa na watu.

Siku hizi kuna kipimo cha ukanda kinachohitaji matone machache ya damu, saa yoyote, na kusomwa baada ya dakika 10. Kwa nini basi kuamsha watu? Kwa sababu ukanda unatambua alama za mnyoo mzima mwilini, na darubini inaonyesha watoto wa minyoo ambao mbu anaweza kuwabeba. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 kwenye maeneo 10 ya pwani, ukanda ulitoa asilimia 1.3, darubini 0.3. Ukanda unajibu nani ana minyoo. Darubini inajibu nani anaweza kuwapa wengine. Na wastani wa 1.3 ulificha kisiwa cha Ndau, Lamu, kilichofika 6.3 peke yake. Wastani ni rafiki wa mtu mwenye haraka.

Turudi Garsen na namba ya chini. Sensa ya 2019 iliikuta Tana River na watu 315,943 kwenye eneo linalokaribia kilomita za mraba 38,000. Mpokomo wa Wema au Hewani ana shamba lake kando ya mto na anapatikana. Lakini kiangazi kikikaza, Waorma na Wawardei huingia deltani na makundi yao, na wengine hutoka mbali kufuata majani na maji. Zahanati inayokadiriwa kuhudumia idadi fulani ya watoto inajikuta na foleni ambayo haimo katika kadirio. Miezi miwili baadaye wameondoka wote. Ndivyo chanjo inavyoweza kufikia zaidi ya asilimia 100 ya watoto mwezi mmoja na kuporomoka mwezi unaofuata, bila muuguzi kuzembea hata siku moja. Mkaguzi asiyejua malisho atamlaumu muuguzi.

Waliozoea kupima utapiamlo katika kaunti hizi wameunda njia ya kuliheshimu tatizo hili, wala hawajifanyi kwamba halipo. Kipimo chao kinafahamika: utepe wa rangi unaozungushwa katikati ya mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, kati ya hapo na 125 ni wa wastani. Kidole gumba kinabonyeza sehemu ya juu ya nyayo zote mbili kwa sekunde 3 kuona kama shimo litabaki. Hayo yote mama yeyote anaweza kufundishwa. Usiloliona ni kwamba kabla ya kwenda vijijini, wapimaji wenyewe hupimwa. Watoto 10 hupangwa, kila mpimaji anawapima wote, kisha anarudia kuwapima bila kuangalia alichoandika mwanzo. Anayetofautiana na nafsi yake haendi. Wakirudi kutoka kijijini, namba zao huchunguzwa tena: je, vipimo vingi mno vimeishia kwenye 0 na 5? Basi mtu amekuwa akikadiria badala ya kusoma.

Umri nao hauulizwi kwa miezi, maana mama wengi hawauhesabu hivyo. Timu huandaa kalenda ya matukio ya mahali penyewe: uchaguzi wa Agosti 2022, mafuriko ya mwisho wa 2023, Ramadhani ipi, mavuno yapi ya maembe. Mtoto huyu alikuwa ameshaanza kukaa au alikuwa tumboni maji yalipoingia? Jibu linakuwa namba, na namba inamweka mtoto ndani au nje ya miezi 59.

Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchini wamepewa simu na mikoba, kila mmoja akiwa na kaya kama 100 za kuandikisha. Wengi huwasifia kwa dawa walizobeba. Mimi nawasifia kwa kuandika wazima, kwa sababu mgonjwa atajileta mwenyewe siku moja lakini mzima hana sababu ya kuja kuandikwa. Na hapo ndipo linapotokea swali ambalo kila timu ya wapimaji hubishana juu yake kabla ya kutoka ofisini: kaya ni nani? Jibu la kawaida ni wale wanaokula chungu kimoja. Sawa, na mwana wa kiume aliye Ijara na ng'ombe tangu mwezi jana? Anakula chungu gani? Wengine husema ahesabiwe akiwa amelala hapa usiku uliopita, wengine husema ahesabiwe kwa mama yake hata akikaa msimu. Hoja zote mbili zina akili. Wanachagua moja, wanaiandika kwenye mwongozo pamoja na sababu, na timu ya mwaka ujao inaifuata hata kama haikubaliani nayo.